Hisa, akili mnemba na mtu asiye na wa kumwuliza

Siku hizi kila penye mazungumzo ya hisa husikika lawama moja: kwamba vijana wameacha kufanya utafiti, wanaiuliza akili mnemba iwaambie pa kuweka fedha. Wanaolaumu ni watu makini, wengi wao wamekaa sokoni miaka mingi, na hofu yao ina msingi nitakaoufikia. Ila lawama yao inadhani kwamba wote wanauliza swali moja, yaani "ninunue hisa gani?"

Anayeuliza hivyo aonywe, iwe ameuliza mashine, mchungaji au shemeji yake. Lakini maswali ninayoyasikia mimi kwa wanahisa wadogo ni ya namna nyingine kabisa. Kwa nini bei imeshuka mara tu baada ya daftari la wanahisa kufungwa, yaani siku inayoamua nani atapata gawio? Kampuni imetangaza faida na bado haitoi gawio, yaani sehemu ya faida inayogawiwa wenye hisa; fedha zimekwenda wapi? Nikiuza hisa zangu leo, nitalipwa lini? Haya ni maswali ya mwanafunzi, na anayeyauliza anakataa kuwekeza gizani.

Chukua karatasi moja tu. Kila robo mwaka benki za Tanzania huchapisha taarifa zao za fedha magazetini: ukurasa mzima wa namba ndogondogo, kwa Kiingereza, katika mamilioni ya shilingi. Mwenye hisa 500 za CRDB au NMB hutafuta mstari wa faida, akiona imepanda anaridhika na kugeuza ukurasa. Huko chini kabisa kuna viashiria vichache ambavyo ndivyo roho ya karatasi yote: mikopo chechefu (ile isiyolipwa kwa wakati) ni asilimia ngapi ya mikopo yote, mikopo imefikia kiasi gani cha amana, mtaji wa wanahisa umezalisha nini. Benki Kuu huitazama asilimia 5 kama kikomo kinachofaa cha mikopo chechefu. Sasa mtu huyu apige picha ukurasa ule, aupakie kwa msaidizi wa akili mnemba, aulize kwa Kiswahili chake: "Faida imepanda, nifanye nini ili nijue imetoka wapi?" Msaidizi mzuri atamwelekeza kwenye mstari wa fedha zilizotengwa kufidia mikopo chechefu. Kama mwaka jana benki ilitenga nyingi na mwaka huu imetenga kidogo, sehemu ya ongezeko la faida huenda imetoka hapo tu, si kwenye biashara kukua. Je, ni kwa sababu wakopaji wanalipa vizuri zaidi, au kwa sababu benki imekuwa na matumaini mengi? Hapo mwanahisa amefika kwenye swali ambalo wachambuzi wa kulipwa huliuliza, na amelifikia akiwa ameketi nyumbani na simu yake.

Wanaopinga watasema aende kwa wataalamu. Sheria ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ya mwaka 1994 inataka mshauri wa uwekezaji awe na leseni, na ni sheria njema. Lakini mwenye shilingi laki tatu za akiba hana mshauri. Dalali wa hisa huishi kwa kamisheni ya miamala, na hata akiwa mwungwana kiasi gani hawezi kutenga saa nzima kumfundisha mteja wa laki tatu kusoma mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni. Kinachobaki ni kundi la WhatsApp, jirani aliyewahi kupata, na mtu wa heshima anayeaminika. Tumeona imani hiyo ilipotufikisha: DECI, upatu uliofungwa mwaka 2009 baada ya watu wengi "kupanda mbegu" zao humo, haukuendeshwa na mashine. Ulisambazwa na ndugu kwa ndugu, na muumini kwa muumini. Nairobi nako hata leseni ya udalali wa hisa haikutosha: Francis Thuo & Partners ilianguka mwaka 2007, Nyaga Stockbrokers ikafuata mwaka 2008, na wateja wake waliachwa wakihangaikia hisa na fedha zao.

Mfano unaonikaa moyoni zaidi ni wa mwaka huohuo wa 2008, hisa za Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, zilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5 za Kenya kwa hisa. Watu walikopa benki ili wanunue. Hesabu ambayo ingewasaidia haikuwa siri. Kampuni ilikuwa na hisa bilioni 40, na faida yake baada ya kodi kwa mwaka ulioishia Machi 2007 ilikuwa takriban shilingi bilioni 12. Gawanya: senti 30 kwa kila hisa. Mkopo wa shilingi 5 kwa riba ya asilimia 10 tu, na riba za wakati ule zilikuwa juu ya hapo, unadai senti 50 kwa mwaka. Maana yake, hata kampuni ingegawa faida yake yote bila kubakiza senti ya kujenga mnara mmoja, gawio lisingelipa riba. Aliyekopa alikuwa amejifunga kwenye tumaini moja tu, kwamba bei itapanda haraka. Ilipanda siku za mwanzo tu, kisha ikashuka. Mwanzoni mwa 2009 hisa ile iliuzwa chini ya shilingi 3. Aliyenunua kwa fedha yake mwenyewe aliweza kungoja, na mwaka 2021 aliiona ikipita shilingi 40. Aliyekopa, benki haikumngoja.

Hesabu hii ni ya kugawanya mara moja na kuzidisha mara moja. Waliokopa hawakushindwa hesabu, ila hawakujua kwamba hilo ni swali la kuuliza, na hakuna aliyekuwa karibu nao mwenye sababu ya kuwaambia. Mtu akimwandikia msaidizi wa akili mnemba leo, "Nataka kukopa ninunue hisa, bei ni hii, faida ya kampuni ni hii, riba ni hii," huenda akapata hesabu hiyo pamoja na onyo bila kuliomba. Msaidizi hajui bei ya kesho. Anachojua ni kwamba riba hulipwa kila mwezi na gawio haliahidiwi na mtu, na hilo pekee lingeokoa viwanja na mishahara ya watu wengi.

Sasa hofu ya upande wa pili. Kwanza, mashine hizi hubuni. Juni 2023 jaji wa New York aliwatoza mawakili wawili na kampuni yao faini ya dola 5,000 kwa kuwasilisha mahakamani kesi ambazo ChatGPT, msaidizi mmoja wa akili mnemba, ilizitunga. Ukiuliza bei ya hisa Dar es Salaam msaidizi asiyeunganishwa na soko, anaweza kukupa namba kwa sauti ileile ya uhakika anayoitumia kukutajia mji mkuu wa Ufaransa. Hatari zaidi ni namba iliyokuwa kweli zamani. Mwaka 2021 Serikali ya Tanzania ilianza kuuza hatifungani ya miaka 25, yaani mkopo ambao mnunuzi anaipa serikali, yenye kuponi (riba ya mwaka) ya asilimia 15.95, na mwaka uliofuata kuponi za matoleo mapya zikashushwa. Asilimia 15.95 imeandikwa kila mahali, na mwenye hatifungani ile bado anailipwa. Lakini anayepanga ununuzi wake wa leo kwa namba hiyo anapanga kwa bei ya duka lililokwisha fungwa.

Pili, na hili wanaotetea akili mnemba hawalisemi vya kutosha, elimu yake ya uwekezaji imetoka zaidi Marekani. Itakushauri uweke agizo la kuuza bei ikishuka kwa asilimia 10, kana kwamba mnunuzi yupo kila sekunde. Fungua taarifa ya soko la Dar es Salaam jioni yoyote, utazame safu ya idadi ya hisa zilizouzwa: mbele ya baadhi ya kampuni hakuna kitu. Siku nzima hakuna hisa hata moja iliyobadilisha mikono, na siku kama hizo huweza kufuatana. Bei iliyoandikwa pale ni ya mara ya mwisho watu wawili walipokubaliana, haikuahidi kwamba wewe ukitaka ada ya shule Januari utaipata. Ukwasi, yaani wepesi wa kuuza hisa ukapata fedha, ndilo jambo la kwanza kwa mwekezaji mdogo kwenye soko dogo, na msaidizi huenda asilitaje mpaka umwambie uko soko gani.

Tatu, anapenda kukubaliana nawe. Uliza kwa nini kampuni fulani ni nzuri, atakupa sababu. Uliza kwa nini ni mbaya, atakupa nyingine zenye uzito uleule. Mwenye kujua hili humwomba kwanza hoja zote za kutonunua.

Nikipima yote, naona hatari hizi zimekaa sehemu moja: pale msaidizi anapotakiwa kutoa ukweli kutoka kichwani mwake. Akiwa na karatasi mbele yake, taarifa ya fedha, waraka wa matarajio (ule unaotolewa kampuni inapouza hisa kwa umma), ripoti ya soko ya siku ile, na akatakiwa aonyeshe kila namba ipo ukurasa gani, kosa lake linakamatika, kwa kuwa msomaji anaweza kufungua ukurasa huo na kutazama mwenyewe. Ndiyo maana siungi mkono wito wa kuwakataza wanaoanza. Ningeelekeza nguvu hiyo kwa kampuni zenyewe. Taarifa ya mwaka ya benki iliyoorodheshwa huwa kitabu kizima cha Kiingereza, na wenye hisa zake ni walimu, wauguzi, wakulima wa kahawa na wastaafu. Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana ikitaka kurasa nne za Kiswahili zilizokaguliwa ziambatane na kila taarifa ya mwaka, na Soko la Hisa likaweka bei na idadi za mauzo za miaka yote wazi, bure, katika mfumo ambao mtu na mashine wanaweza kuusoma, namba nyingi zinazobuniwa leo zitakosa nafasi. Na kwenye mikutano mikuu ya wanahisa, mwenye hisa 500 ataweza kusimama, ataje ukurasa, na kuuliza kwa nini fedha zilizotengwa kufidia mikopo chechefu zimepungua mwaka ambao mikopo yenyewe imeongezeka.