Kocha wa muda kwa Waingereza, kocha wa muda kwetu

Machi 2025 kocha Eddie Howe alipobeba Kombe la Carabao, kombe la ligi la Uingereza, Newcastle 2, Liverpool 1, nyumbani Tanzania wengi walisema ni hela za Waarabu wenye klabu tu. Hela zipo, nani atabisha? Januari 2022 zilimleta Dan Burn, aliyefunga bao la kwanza la fainali hiyo. Ila Joelinton alikuwepo kabla ya hela hizo, straika asiyefunga. Novemba 2021 dhidi ya Norwich, Clark, beki wa Newcastle, akala nyekundu dakika ya 9, Howe akamshusha Joelinton katikati, akazaliwa kiungo.

Sisi tulio huku Uingereza tuangalie zaidi Howe alikoanzia. Alikuwa beki wa Bournemouth, akauzwa Portsmouth, goti likaharibika. Mwaka 2004 mashabiki wakachanga pauni 21,000 kumrudisha (kuchanga hata sisi tunajua). Goti likamstaafisha 2007, akaanza kunoa kikosi cha akiba. Desemba 31, 2008 akakabidhiwa timu kwa muda: daraja la nne, klabu hoi kifedha, imeanza msimu na pointi 17 pungufu. Akafungwa Darlington, akafungwa Rotherham. Januari 2009 wakamthibitisha, ana miaka 31. Hawakushuka. 2010 wakapanda; akaenda Burnley, akarudi 2012, wakapanda 2013, na 2015 wakaingia Ligi Kuu.

Kwetu kuna Juma Mgunda, aliyeicheza Coastal Union kisha akaifundisha. Septemba 2022 Simba wakampa timu kwa muda. Akawatoa Primeiro de Agosto, 3-1 Luanda na 1-0 Dar, Simba hao makundi ya Ligi ya Mabingwa. Januari 2023 akaletwa kocha Mbrazili, Robertinho, Mgunda akawa msaidizi. Aliyefungwa mechi mbili kathibitishwa, aliyevuka kapishwa pembeni! Makocha wageni nao hawana nafuu: Gamondi, Muargentina, aliipa Yanga ubingwa 2024, Novemba hiyohiyo akapoteza kwa Azam na Tabora United mfululizo, safari ikaishia hapo.

Atakayesema Bournemouth ile si Simba yuko sahihi. Daraja la nne hakuna redio inayomchambua kocha kila asubuhi. Na tusiwapambe Waingereza: Howe alipewa kazi kwa sababu klabu haikuwa na hela ya kumleta mwingine, tena ilifungiwa kusajili. Basi mwenye kufanana na Bournemouth kwetu ni Coastal, Kagera Sugar, Mbeya City. Hizo ndizo zingempa mzawa misimu miwili kwa maandishi, kushuka au kupanda, maana kila kocha anayefukuzwa Desemba anaacha deni la mshahara na wachezaji aliowachagua yeye, ambao mrithi wake hawataki.