Mtangazaji naye alipe

Agosti 2022, hapa Texas ninakoishi, jopo la raia lililokaa mahakamani Austin liliamua kwamba mtangazaji Alex Jones awalipe wazazi wawili zaidi ya dola milioni 49. Kwa miaka mingi kituo chake, Infowars, kilikuwa kikitangaza kwamba mauaji ya shule ya Sandy Hook, Connecticut, ya Desemba 2012 yalikuwa maigizo. Watoto 20 na watu wazima 6 waliuawa pale shuleni. Baba mmoja alieleza jinsi alivyompakata mwanawe akiwa na tundu la risasi kichwani. Infowars ikarusha kipindi kudai kwamba jambo hilo haliwezekani. Wazazi wakatukanwa, wakatishiwa maisha, wengine wakahama makwao. Umzike mwanao, halafu mtu asiyekujua akuambie unaigiza!

Kesi ile ilinirudisha kwetu Goma, mashariki mwa Kongo, mwaka 2019. Ebola ilitangazwa mkoani kwetu, Kivu Kaskazini, Agosti 2018, na hadi inatangazwa kwisha Juni 2020 ilikuwa imeua watu 2,287. Kila kukicha simu zilijaa sauti za WhatsApp: Ebola ni biashara, chanjo inaua, watu wa riposte (timu za kupambana na Ebola) wanatafuta viungo vya maiti. Dada yangu ni muuguzi. Jioni alikuwa anavua bluzi yake nyeupe, anaikunja, anaificha mfukoni chini ya sombe, majani ya muhogo, ndipo apande moto, yaani pikipiki, kurudi mtaani Ndosho. Alikuwa na sababu. Aprili ile daktari Richard Mouzoko wa Shirika la Afya Duniani (WHO) aliuawa kwa risasi hospitalini Butembo. Novemba, huko Lwemba, Ituri, mtangazaji Papy Mumbere Mahamba, aliyekuwa akiwaelimisha watu redioni kuhusu Ebola, aliuawa nyumbani kwake.

Siwalaumu watu wetu kwa kushuku. Desemba 2018 uchaguzi wa Beni na Butembo uliahirishwa, Ebola ikitajwa kuwa sababu mojawapo, na kesho yake waandamanaji wakavamia kituo cha Ebola Beni. Watu waliozika ndugu zao miaka na miaka bila kuona msaada, halafu ghafla magari mapya yanajaa barabarani, wana haki ya kuuliza. Anayenikera mimi ni yule anayekaa mbele ya maikrofoni, anajua hana ushahidi, na bado anamtaja muuguzi kuwa muuaji kwa sababu kipindi chake kinapata wasikilizaji.

Kwetu tumezoea dawa moja tu: kuzima. Kura zilipokuwa zikihesabiwa mwanzoni mwa 2019, serikali ilikata intaneti karibu wiki tatu na redio ya Kifaransa RFI ikazimwa. Haikumsaidia muuguzi hata mmoja. Tofauti niliyoiona Austin ni kwamba aliyeumizwa ndiye aliyeshtaki, na mtangazaji akalazimika kujibu chini ya kiapo. Mtaalamu aliliambia jopo kwamba Jones na kampuni yake wana thamani ya kati ya dola milioni 135 na 270, na Jones mwenyewe, wazazi wakiwa wamekaa mle mle, alikiri kwamba mauaji yalikuwa kweli asilimia mia. Baadaye Connecticut ikaongeza hukumu ya zaidi ya dola bilioni moja. Kulipwa ni vita vingine; Desemba mwaka uleule alijitangaza kufilisika. Lakini ule ukiri umeandikwa mahakamani, na kwangu una uzito kuliko fedha.

Goma iko mikononi mwa waasi wa M23 tangu Januari 2025, na kuwaambia jamaa zangu waende kushtaki leo ni kuwadhihaki. Ila wengi wanaochochea chuki za kikabila kwa Kiswahili chetu wanarusha matangazo wakiwa huku huku, Ulaya na Marekani, wanataja majina ya watu na mitaa wanayokaa, kisha wanaomba michango. Tunasali nao, tunakutana nao harusini. Nchi hizi zina mahakama zinazofanya kazi. Ndugu zangu mlio nyumbani, hifadhini video kabla hazijafutwa, andikeni tarehe, jina la chaneli na yaliyompata aliyetajwa, mtutumie. Wanasheria tutawatafuta sisi.