Vepu kwa mvuta fegi: shida ni moshi, nikotini tutaongea baadaye

Mada ya vepu, yaani sigara za kielektroniki, ikianza tu watu wanakimbilia swali moja, je ni salama? Sio salama, hilo tumalize, mapafu ni ya hewa basi. Ila mtu anayemaliza pakti kwa siku swali lake sio hilo, yeye anauliza je hii ina afadhali kuliko ile inayoniua? Na hapo ndo wengi wanamkatisha kabla hajamaliza kuuliza.

Nikotini ndo inamfunga mtu, sawa, lakini kinachoua zaidi ni kule kuungua. Ncha ya sigara ukiivuta inafika karibu nyuzi 900, inatoka lami, kaboni monoksidi na kemikali nyingine kwa maelfu. Vepu haina moto, kuna kakoili kadogo (kawaya kanakopata joto) na pamba iliyolowa maji yake yenye nikotini, betri inapasha unatoka mvuke. Pamba ikikauka unapata ladha ya kuungua inakwangua koo unaitoa mdomoni hapohapo, na mvuta fegi hiyo ladha anaila kila anapovuta na ameshaizoea.

Watu wanapenda kutaja ile asilimia 95 ya ripoti ya Uingereza ya 2015, kwamba ukilinganisha na sigara madhara yanapungua kiasi hicho. Mimi siing'ang'anii, yalikuwa makadirio ya wataalamu, sio kitu kilichopimwa. Ninaoung'ang'ania ni utafiti wa 2019, hukohuko Uingereza: wavutaji 886 waliotaka kuacha, wote wakapewa ushauri, nusu wakapata plasta, chingamu na vitu vya aina hiyo vya nikotini, nusu wakapata vepu ya kujaza. Baada ya mwaka upande wa vepu walioacha sigara ni asilimia 18, upande wa pili 9.9. Utasema 18 ni ndogo, kweli, zaidi ya wanne katika kila watano walishindwa, lakini muulize yeyote aliyewahi kujaribu kuacha. Halafu angalia hiki ambacho watu hawakigusi: wa plasta walipewa bure hadi miezi mitatu, wa vepu walipewa chupa moja ya kuanzia, zingine wajinunulie, na bado wakawazidi! Mtu anatoa hela yake mwenyewe kwa sababu kile kitu kinamkidhi na mkono una cha kushika.

Wapinzani wanajibu kwamba kati ya hao walioacha sigara, asilimia 80 mwaka ulipoisha walikuwa bado wanavuta vepu, kwa hiyo wamehama tu kutoka utumwa mmoja kwenda mwingine. Hoja ina uzito, na madhara ya miaka 30 ya mvuke hakuna anayeyajua maana kitu chenyewe hakijafika huko. Ila kuhama ndo tulichokuwa tunakitafuta jamani.

Ya vijana sibishi. Marekani 2019 zaidi ya robo ya wanafunzi wa sekondari za juu walikuwa wanavuta vepu, wengi hata sigara hawakuwa wanavuta, na ladha za pipi na matunda hazikuwekwa kwa bahati mbaya. Wauzaji wabanwe, hata leo. Lakini vile vifo 68 vya Marekani vya 2019 na 2020, vya watu walioharibika mapafu baada ya kuvuta vepu, visitumike kumtisha mzee wa fegi, sehemu kubwa ilihusu vepu za bangi za mtaani zilizochanganywa mafuta ya vitamini E.

Sasa bei. Unafuu upo kwenye za kujaza, unabadilisha koili na kununua maji tu, sio hizi za kutumia na kutupa ambazo zinakula hela taratibu na betri zinaishia jalalani, Uingereza wamepiga marufuku kuziuza tangu Juni 2025. Na anayevuta vepu ofisini halafu jioni anarudi kwenye pakti yake ileile analipia vyote viwili na moshi hajaukimbia.