Rangi huanzia kwenye opsini au kwenye ubongo?

Imekuwa kawaida siku hizi kusikia kwamba rangi haimo machoni bali hutengenezwa na ubongo, na kwamba anayezungumzia protini za retina (tabaka la nyuma ya jicho linalopokea mwanga) anaueleza mlango huku akiiacha nyumba. Hoja hiyo haikosi msingi. Seli moja ya koni, yaani seli ya retina inayopokea mwanga wa mchana, haitambui rangi yoyote: ikishanyonya chembe ya mwanga hujibu kwa namna ileile, chembe hiyo iwe ya mwanga mwekundu au wa kijani. Rangi hujulikana pale tu majibu ya koni za aina mbalimbali yanapolinganishwa (ingawa kazi hiyo, ifahamike, huanza ndani ya retina yenyewe). Tena watu hutofautiana mno katika uwiano wa koni zao, na bado huafikiana kwa karibu juu ya njano isiyoelekea kwenye wekundu wala kwenye ukijani.

Lakini ulinganishaji huhitaji vitu vinavyotofautiana, na tofauti hiyo huletwa na opsini, ndizo hizo protini za retina. Retinali, molekuli inayonasa mwanga na itokanayo na vitamini A, ni ileile katika seli za fito (zinazoonea katika mwanga hafifu) na katika koni zote. Kinachobadilika ni protini inayoikumbatia. Opsini ya mawimbi marefu ya mwanga na ile ya mawimbi ya kati zina asidi amino (vijenzi vya protini) 364 kila moja, nazo hupishana katika nafasi 15 hivi. Ni rahisi kusema kwamba 15 kati ya 364 si kitu. Hata hivyo, kilele cha moja, yaani urefu wa wimbi inaounyonya zaidi, kiko karibu na nanomita 560 na cha nyingine karibu na 530, na sehemu kubwa ya umbali huo hutokana na nafasi tatu tu: ya 180, ya 277 na ya 285. Katika zote tatu, opsini ya mawimbi marefu kwa kawaida ina kikundi kidogo cha oksijeni na hidrojeni ambacho mwenzake hana. Katika nafasi ya 180 hata watu wasio na kasoro ya macho hawafanani: wengine wana asidi amino iitwayo serini, wengine alanini, na wakipewa mwanga mwekundu na wa kijani wauchanganye hadi ulingane na wa njano, hawafikii kipimo kimoja.

John Dalton, mwanakemia wa Uingereza ambaye hakuziona rangi kama wenzake, aliamini kwamba majimaji ya jicho lake yalikuwa ya buluu. Alipofariki mwaka 1844 jicho lake lilipasuliwa, na majimaji yakakutwa hayana rangi yoyote. Mwaka 1995 DNA iliyotolewa kwenye mabaki ya macho yake ilionyesha kwamba alikosa jeni ya opsini ya mawimbi ya kati.

Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba kima wazima wa Amerika ya Kusini, waliozaliwa bila uwezo wa kupambanua wekundu na ukijani, walipachikiwa kwenye retina jeni ya binadamu ya opsini ya mawimbi marefu, na baada ya miezi kadhaa wakaanza kupambanua rangi hizo. Watetezi wa ubongo huutwaa mfano huu kuwa wao, wakisema kwamba neva zilikuwa tayari zikisubiri. Ni kweli, zilisubiri. Zilikuwepo tangu wanyama hao wakiwa wachanga, na hazikuwapa hata rangi moja ya ziada mpaka protini hiyo ilipofika.