Acheni kuwaonea gere walimu wa Croke Park

Kila Julai, fainali za All-Ireland zikikaribia huko Croke Park, Dublin (ubingwa wa Ayalandi baina ya kaunti, wa soka la Kigaeli na wa harlingi, mchezo wa magongo, na wachezaji wote ni wa ridhaa), lazima atokee mtu wa kuchapisha orodha ya kikosi na kazi ya kila mchezaji pembeni. Mwalimu, mwalimu, mhandisi, mwalimu, mwanafunzi (wa ualimu, bila shaka), mwalimu. Dakika haijapita, anatokea mwingine wa kutoa jibu: "Si wana likizo ya miezi mitatu hao! Hata mimi ningekuwa fiti." Watu wanacheka na mada inafungwa.

Mimi sicheki. Hoja ya likizo ilikuwa na mashiko enzi za Pat Spillane, mwalimu aliyetwaa medali nane na kaunti ya Kerry, wakati fainali zikichezwa Septemba. Mwalimu wa wakati ule alikuwa na Julai na Agosti nzima za kujifua, na wa sekondari aliongeza Juni. Tangu 2022 fainali zinachezwa Julai. Ligi inaanza mwishoni mwa Januari, raundi saba zinakwisha kuelekea mwisho wa Machi, michuano ya majimbo inashika Aprili na Mei. Shule za sekondari zinafunga Juni ikiwa inagonga hodi, za msingi mwishoni mwa Juni kabisa. Mwalimu wa msingi ambaye kaunti yake imetolewa katikati ya Juni amecheza msimu wote chaki ikiwa mkononi. Likizo yake ndefu ameipata mashindano yakiwa yamekwisha, aende nayo Ureno akaotee jua.

Kwa hiyo siri haiko kwenye likizo. Iko kwenye saa ya ukutani, siku ya kazi ya kawaida, Jumanne ya Februari yenye mvua.

Shule ya msingi huko huenda kwa saa 5 na dakika 40 kwa siku. Ikianza saa 2:50 asubuhi, kengele ya mwisho ni saa 8:30 mchana. Sekondari inamaliza saa 9:30, au kufikia saa 10. Mazoezi ya kaunti yanaanza saa 1:30 usiku. Sasa tazama mwalimu anayefundisha kilomita kumi kutoka uwanjani anavyoweza kuitumia nafasi hiyo. Saa 9:30 anakula mlo wake mkubwa, wali au tambi za kutosha, maana wanga unahitaji saa tatu au nne kushuka kabla ya mtu kukimbia kwa nguvu zote. Baada ya hapo analala nusu saa. Saa 11:30 yuko mezani kwa fizio, anafungwa kifundo cha mguu au anakandwa paja. Saa 12:30 anafanya mazoezi ya kuamsha nyonga na msuli wa nyuma ya paja. Saa 1:30 anaingia uwanjani akiwa tayari, anapiga dakika 80, anakula pamoja na wenzake saa 3:15, na saa 5 usiku amelala kitandani kwake.

Mwenzake ni mhasibu, mtoto wa kaunti ya Mayo anayefanya kazi Dublin. Mkataba wake unasema kazi inaisha saa 11:30 jioni. Ili afike mazoezini Castlebar, huko Mayo, kwa wakati, lazima atoke ofisini saa 10 au muda mfupi baadaye, kwa hiyo anaishi kwa fadhila ya bosi wake, na fadhila zina mwisho. Mbele yake kuna foleni ya M50, barabara inayozunguka Dublin, kisha saa tatu za barabara. Anakula ndizi na sandwichi ya kituo cha mafuta akiwa ameshika usukani. Anafika saa 1:20, nyonga zimekakamaa kwa kukaa, anavaa viatu mbio, na dakika kumi baadaye kocha anataka mbio za kasi ya juu kabisa. Msuli wa paja ukichanika hapo mnashangaa nini? Mazoezi yakiisha anageuza gari. Anafika Dublin saa 6:30 usiku wa manane, na saa 1 asubuhi simu inamwamsha. Alhamisi anarudia. Posho ya mafuta analipwa, sawa, lakini usingizi haurudishwi kwa maili.

Kuna kaunti zenye akili zilizoanza kuwakusanya wachezaji wao wa Dublin katikati ya wiki, wakafanya mazoezi huko huko na kocha mmoja. Inasaidia miguu. Ila wanane waliojitenga hawawezi kufanyia kazi mpango wa kupiga mpira wa kuanzia wa golikipa, unaotaka watu kumi na watano uwanjani na wengine kumi na watano wa kuwabana.

Halafu kuna wale ambao hata hiyo fadhila ya bosi hawana. Muuguzi mwenye zamu ya saa 12 hawezi kumwacha mgonjwa kwa sababu ni Alhamisi. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa anakamua asubuhi na jioni, na jioni yake ndiyo ile ile ya mazoezi. Fundi ujenzi anatoka kazini mapema tu, lakini amebeba tofali kutwa nzima. Vifaa vya kupimia mwendo vinavyovaliwa mgongoni vinaonyesha kasi yake ikishuka dakika 20 za mwisho, na anaambiwa hajitumi. Mechi ya kaunti ni dakika 70. Yeye ameanza kucheza yake tangu saa 2 asubuhi, akiwa na sepeto.

Utafiti wa ESRI, taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii ya Ayalandi, uliotoka 2018 ulisema mchezaji wa kaunti anaweza kutumia hadi saa 31 kwa wiki kwa ajili ya timu. Mkataba kamili wa mwalimu wa sekondari ni saa 22 za kufundisha darasani. Someni tena hizo namba mbili. Tuna mchezo wa ridhaa unaodai saa nyingi kuliko zile ambazo mwalimu husimama mbele ya wanafunzi, halafu tunamcheka mwalimu kwa kuwa na nafasi! (Ndiyo, najua kuna kusahihisha, kuandaa masomo na vikao. Hilo linaongeza nguvu kwenye hoja yangu.)

La pili ni mahali. Mshahara wa mwalimu unatoka wizarani kwa ngazi moja ya nchi nzima. Anayefundisha Cahersiveen, mji mdogo wa Kerry, analipwa sawa na wa Dublin mwenye vyeti na miaka ile ile, na kodi ya nyumba ya Cahersiveen hailingani hata kidogo na ya Dublin. Shule za msingi ni zaidi ya 3,000, zimetapakaa parokia kwa parokia, na klabu za GAA, chama kinachoendesha michezo hii, nazo zimejengwa juu ya parokia hizo hizo. Ni kazi gani nyingine ya mtu mwenye digrii inayopatikana kila kijiji cha magharibi mwa Ayalandi? Benki zilikuwepo, zikafunga matawi. Polisi wapo, lakini wanahamishwa na wana zamu za usiku. David Clifford, nyota wa Kerry, anafundisha Killarney, mwendo mfupi kutoka alikozaliwa. Angekuwa mchambuzi wa fedha, Kerry wangekuwa wanamsubiri kila Jumanne huku wakitazama saa.

Tena ajira yenyewe inafanywa na bodi ya shule husika, wala si ofisi ya mbali. Wajumbe wa bodi ni watu wa palepale, baadhi yao wana viti vyao vya kudumu kwenye jukwaa la klabu. Simtuhumu mtu. Nasema tu kwamba watu wawili wakifungana alama kwenye usaili, na mmoja ana jezi ya kaunti, na shule inahitaji mtu wa kufundisha timu ya darasa la sita, hesabu si ngumu.

Sasa nikubali, kwa shingo upande, yale ambayo wenye gere wanayasema kwa haki. Julai yenyewe ni neema: mwalimu anayejiandaa kwa nusu fainali analala mchana, mwenzake anajibu barua pepe. Walimu wa msingi wana zile siku za ziada za mapumziko: ukisoma kozi moja ya kiangazi ya saa 20 unapata siku 3, kozi mbili siku 4, tatu siku 5, na si siri kwamba baadhi huangukia Jumatatu baada ya mechi kubwa. Na mwalimu anaweza kuomba mapumziko ya kazi ya mwaka mzima bila malipo akarudi akakuta nafasi yake. Haya yote ni kweli.

Lakini upande wa pili hausemwi. Nje ya likizo, mwalimu hachagui siku yake ya mapumziko kama mhasibu. Mitihani ya taifa ya sekondari inaanza mapema Juni, kwa hiyo madarasa ya mitihani yanamng'ang'ania wakati ule ule michuano inapopamba moto. Anayeanza kazi mara nyingi hapewi saa 22, anapewa 12 au 15 na mkataba wa muda, na benki haimkopeshi nyumba kwa sababu ana medali. Hao hao walimu ndio wanaofundisha timu za shule baada ya kengele bila malipo ya ziada. Hapo ndipo miguu inapoharibika: amekimbia na watoto wa chini ya miaka 14 hadi saa 11 jioni kwenye uwanja wa tope, kisha saa 1:30 anaanza mazoezi yake. Fizio anatibu kifundo, hamwulizi amesimama saa ngapi leo.

Tuje kwa mameneja, maana huko gere inazidi. Brian Cody, mataji 11 ya harlingi na Kilkenny: mwalimu mkuu wa shule ya msingi. John Kiely wa Limerick, mataji matano kati ya 2018 na 2023: mwalimu mkuu wa sekondari. Mickey Harte aliyeipa Tyrone taji lake la kwanza 2003, Jack O'Connor wa Kerry, John O'Mahony aliyeirudishia Galway kombe 1998, wote wametoka darasani. Ukitaka njama, endelea hadi juu: Michael Cusack aliyeitisha mkutano wa kuanzisha GAA mjini Thurles tarehe 1 Novemba 1884 alikuwa mwalimu, na Jarlath Burns aliyeshika urais wa chama 2024 ni mwalimu mkuu.

Hapa muda ni nusu ya jibu. Nusu nyingine ni ujuzi. Meneja ana wachezaji zaidi ya 30, na Jumapili wanaanza 15. Nusu ya watu wake wamenuna kila wiki. Anatakiwa aligawe jambo gumu katika hatua ndogo, alirudie kwa namna tatu tofauti, ajue nani anafokewa na nani anaitwa pembeni, na apange mwaka mzima kurudi nyuma kutoka tarehe ya mtihani. Mwalimu anafanya hivyo kila wiki na watu wasiotaka kuwepo. Zaidi ya hayo, amemwona yule kijana akiwa na miaka 15 kwenye timu ya shule, anajua kama anavunjika moyo akikosea mapema. Watu wa Iten, Kenya, hawahitaji kufundishwa hili: Bruda Colm O'Connell alitoka Ayalandi 1976 kwenda shule yao ya St Patrick's kufundisha jiografia, bila historia yoyote ya kufundisha riadha, na mwanafunzi wake wa mbio, David Rudisha, akaishia na dakika 1:40.91 za mita 800 London.

Sawa, Jim Gavin wa Dublin alikuwa rubani na Seán Boylan wa Meath aliuza dawa za mitishamba. Wapo, na ni wakubwa. Kuhusu bahasha zinazosemekana kupita chini ya meza kwa mameneja, Páraic Duffy alipokuwa mkurugenzi mkuu alitoa waraka wa majadiliano 2012, ukajadiliwa sana. Naishia hapo.

Kinachonikera ni hiki. Croke Park inachukua watu 82,300, tiketi ya kiti ya fainali imefika yuro 100, na tunaambiwa uzuri wa mchezo huu ni kwamba anayecheza ni jirani yako wa kawaida. Jirani yupi? Aliyebaki ni yule ambaye ratiba ya wizara ya elimu inamwachia alasiri. Seremala, muuguzi na mfugaji hawakufukuzwa na mtu, walishindwa tu kufika saa 12:30 kwa ajili ya nyonga. Kwa wanawake ni vilevile, tena kwa miaka mingi bila posho ya mafuta waliyopata wanaume.

Dawa inajulikana, haipendwi. Vipindi vya pamoja viwe viwili kwa wiki na mechi, visimamiwe kweli kweli. Jimu kila mtu afanye karibu na anapolala. Mazoezi ya kabla ya msimu yasianze kwa mlango wa nyuma tarehe bado. Mameneja hawatakubali, wakiwemo walimu, kwa sababu kila mmoja anaogopa kwamba kaunti ya jirani iko uwanjani usiku huu.

Na vijana wameshasoma alama. Chuo kidogo cha ualimu, Mary Immaculate cha Limerick, kilichukua Fitzgibbon, kombe la harlingi la vyuo, 2016 na 2017 mbele ya vyuo vikuu vikubwa, na St Mary's ya Belfast, nacho cha ualimu, kikachukua Sigerson, kombe la soka la Kigaeli la vyuo, 2017. Mvulana wa miaka 17 mwenye kipaji cha fizikia anajaza fomu ya CAO, ya kuomba nafasi ya chuo, kabla ya tarehe 1 Februari, wiki zile zile anazoitwa kwenye majaribio ya kaunti, na anauliza kozi ipi itamrudisha nyumbani kufikia saa 10. Anaweza kubadili chaguo hadi Julai mosi. Mwalimu wa ushauri wa kazi anaweza kumwambia hivyo, isipokuwa kama ndiye huyo huyo kocha wake wa timu ya shule.