Beti ya Tatu Haikuwa Utani

Shairi langu lililochekwa kuliko yote niliyowahi kutunga nililiandika nyuma ya daftari la mahesabu ya dagaa, usiku mmoja wa Aprili, nikiwa nimeketi sakafuni kwa sababu kitanda nacho kilikuwa kimekwisha kunichoka. Siku tatu kabla yake mvua ilikuwa imeninyeshea mali yote mchangani. Watu wa ziwani wanaielewa hesabu hiyo bila kuelezwa: dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza, na mbalamwezi ikitoka mitumbwi hupumzika, kwa hiyo anayenunua mali mbichi na kuianika ana siku chache tu za kutafuta riziki ya mwezi mzima, na mvua ya saa moja inatosha kumgeuza muuza chakula cha watu kuwa muuza chakula cha kuku. Mtaji wangu ulikuwa wa mkopo, tena wa ile mikopo ambayo mtaani tunaiita kausha damu, ambayo rejesho lake halijui masika wala kiangazi.

Kesho yake jioni nililisoma shairi hilo kijiweni Kirumba, hapa Mwanza, penye kahawa chungu na kashata, mbele ya wachukuzi wa soko la samaki la Mwaloni, vijana wa bodaboda na wazee wawili watatu ambao hawakosekani:

Dagaa niliwanika, juani nikawatunza,
Wingu likakusanyika, na mvua ikaanza,
Kuku wakafurahika, majogoo wote Mwanza,
Nacheka nisije lia, mdai yu mlangoni.

Kausha damu jamani, imekausha na hamu,
Nimejificha chooni, simu yapiga salamu,
Mtoto yu barazani, asema: "Baba yu humu!"
Nacheka nisije lia, mdai yu mlangoni.

Mwezi wa pili silali, nahesabu tu boriti,
Ugali kama ukili, sato kama kibiriti,
Najiita mara mbili, mwitikaji simpati,
Nacheka nisije lia, mdai yu mlangoni.

Walicheka. Mmoja alimwaga kahawa. Kijana wa bodaboda aliniomba nirudie mahali pa mtoto barazani, nikarudia mara tatu, na kwa muda wa dakika kumi nilikuwa mtu mashuhuri zaidi kati ya Kirumba na Pasiansi. Walipotawanyika, mzee mmoja alibaki akizungushazungusha kikombe kitupu mkononi, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, mbili za mwanzo nimezicheka. Hii ya tatu nayo ni utani?"

Nilimjibu, "Ni vina tu, mzee." Hakusema kitu. Alinilipia kahawa, akanishika mkono, na hakuuachia upesi.

Tangu siku ile nimeanza kuamini jambo ambalo wasomaji wengine hawatalipenda, kwamba shairi la kuchekesha ndilo hati rasmi ambayo mwanamume wa ukanda huu hukubaliwa kuandikia ugonjwa wake, na kwamba kosa letu kubwa si kucheka, bali ni kucheka kisha kuondoka. Mwanamume akisema waziwazi kwamba halali, ataambiwa ajikaze. Akisema kwamba chakula hakina ladha, ataulizwa kama mkewe ameanza kupika vibaya. Lakini akiyapanga maneno yayo hayo katika vina na mizani, kijiwe kizima kitanyamaza kumsikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hata mikutano ya mtaa haijawahi kulipata.

Wanaodharau mashairi ya namna hii husema kuwa yanafanya mzaha na mambo mazito. Sidhani kama watu hao wamekaa vizuri msibani. Kwetu utani ni taasisi yenye sheria zake. Msukuma na Mzaramo, ambao wametaniana tangu enzi za misafara ya wapagazi kwenda pwani, wanajua kwamba mtani anaweza kufika penye maiti akajilaza chini, akaigiza kikohozi cha marehemu, akadai urithi wa koti lake, na wafiwa wenyewe wakajikuta wanacheka huku machozi yakiwatoka. Hakuna anayemfukuza. Lakini mtani huyo huyo ndiye anayetarajiwa kushika jembe makaburini, kuteka maji na kukaa na wafiwa usiku ambapo wengine wamekwenda kulala. Utani ulikuwa na mzigo wake. Sisi wa leo tumeuchukua mcheko tukauacha mzigo, na ndiyo maana mtu anaweza kutamka mbele ya watu kumi na watano kwamba anajiita na haoni wa kuitika, halafu wote kumi na watano wakampigia makofi.

Hata mashairi ya kukejeli si mageni huku. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo Wasukuma huvihusisha na waanzilishi wake Ngika na Gumha, vimeshindana kwa vizazi kadhaa katika kuimbana na kudhihakiana, na mpaka sasa katika sherehe za Bulabo mwezi wa Juni, kule Bujora karibu na Kisesa, utawaona wakivutana watazamaji kwa nyimbo na vituko. Mtunzi wa kule hujisema mwenyewe kabla hajamsema mpinzani: umaskini wake, kipara chake, mke aliyemkimbia. Huo ni ujanja wa vita, kwa maana aliyekwisha kujivua nguo mwenyewe hana tena cha kuvuliwa. Kwa mtu mwenye msongo wa mawazo ujanja huo ni dawa na ni sumu pia, nami nimevionja vyote viwili. Kuna siku nilijicheka nikapata nafuu, na kuna siku nilijicheka mpaka nikaanza kuyaamini niliyoyasema.

Kuhusu utambulisho sina mengi, kwa kuwa jambo lenyewe nililimaliza zamani katika beti moja, nilipokuwa nimerudi kutoka Dar es Salaam baada ya miaka miwili ya kuulizwa kabila langu kila nilipofungua mdomo:

Baba yangu Msukuma, mama yangu Mkerewe,
Kote wananisukuma, na mimi nisielewe,
Pwani waliponisoma, kasema: "Mhaya wewe!"
Majini nikatazama, nako nikaona jiwe.

Wasomaji wa mbali waelewe kwamba mji huu umejaa majiwe makubwa hadi ndani ya ziwa, hivyo kuona jiwe majini si muujiza. Beti hiyo ilipokelewa kama kichekesho cha makabila, nami sikukanusha. Hata hivyo ukiisoma sambamba na ule mstari wa mwitikaji asiyepatikana, utaona kuwa ni mtu yule yule anayejitafuta, isipokuwa mara ya kwanza alikuwa na nauli.

Marafiki wangu wanaosoma chuo huniuliza kwa nini nang'ang'ania vina na mizani wakati mtu wa Ukerewe, nyumbani kwa mama yangu, Euphrase Kezilahabi, alikwisha kutuonyesha tangu miaka ya 1970 kwamba shairi la Kiswahili linaweza kutembea bila magongo hayo. Ninamheshimu, na ninakubali kwamba katika mabishano yale ya wanamapokeo, waliotetea vina na mizani, na wanamabadiliko, waliotaka shairi huru, hoja nzuri zilikuwa nyingi upande wake. Lakini mimi nilikuwa nahitaji magongo. Mtu ambaye akili yake inakimbia usiku kucha kutoka deni hadi aibu, kutoka aibu hadi wazo ambalo hataki kulitazama, hana haja ya uhuru zaidi. Anahitaji kazi ndogo yenye mipaka. Kuhesabu silabi nane, kuvuka kituo, kuhesabu nane nyingine, kutafuta neno linaloishia na "-ti" ambalo halijatumika: kazi hiyo inashughulisha vidole vyote vya mikono miwili, na mtu anayehesabu kwa vidole hawezi kufanya jambo jingine kwa vidole hivyo. Usiku ule wa Aprili nilikaa zaidi ya saa nzima nikitafuta kina cha "boriti". "Kibiriti" kilipokuja, jogoo alikuwa amekwisha kuwika, nami nilikuwa bado nipo.

Sisemi kwamba shairi lilinitibu. Hapa ndipo ninapoachana na wenzangu wanaohubiri kuwa sanaa ni tiba, kana kwamba mtu akishatunga beti tano anaweza kurudisha kadi ya kliniki. Shairi lilifanya kazi moja tu: lilinitoa ndani. Yule mzee alirudi kijiweni kesho yake na kesho kutwa, na siku ya nne akanisindikiza mwenyewe hospitalini, akisema ana shida ya macho na hawezi kwenda peke yake. Macho yake hayana shida yoyote.

Daktari aliniuliza juu ya usingizi, hamu ya kula, nguvu za mwili na mambo yaliyokuwa yakinifurahisha zamani, na kila jambo aliuliza limeanza lini, kwa sababu, kama alivyonieleza, huzuni ya kawaida ina siku zake, ila hali hiyo ikishamkalia mtu mfululizo kwa wiki mbili au zaidi, lazima ichunguzwe kama sonona. Nilipokwama kueleza nilitoa daftari la dagaa mfukoni nikamsomea beti ya tatu. Hakucheka. Aliandika, akaniomba nirudie mstari wa mwitikaji, akaandika tena. Ilikuwa mara ya kwanza kuona kazi yangu ikihaririwa na mtu mwenye koti jeupe.

Najua wengi hawafiki hapo, na sababu hazihusu nauli peke yake. Nchini kwetu neno "Mirembe", ambalo ni jina la hospitali ya magonjwa ya akili ya Dodoma, limekuwa tusi la kumrushia yeyote aliyevaa soksi za rangi mbili, ilhali kwa majirani zetu Waganda, ng'ambo ya ziwa hili hili, neno hilo lina maana ya amani. Tena Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu aliye ukingoni, akijua kwamba akisema atachekwa na jirani na pengine kuulizwa na polisi, atasema nini na kwa nani? Atasema kwa mzaha. Atasema, "Mimi nitajitupa ziwani muwale sangara walionila," na watu watacheka, na wengine watamwambia hana minofu ya kumshibisha sangara. Nimeisikia kauli ya namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka, na zamani mimi ndiye niliyekuwa naongezea ile ya minofu. Siku hizi nacheka pamoja na wengine, kwa maana kunyamaza kungemvunja moyo, kisha nahakikisha ninakuwa wa mwisho kuondoka kwenye benchi.

Deni la kausha damu nilimaliza kulipa kwa kuuza pikipiki. Dagaa nimerudia, safari hii nikiwaanika juu ya chanja na nikiwa na turubai la kuwafunika. Mwezi uliopita nilimpelekea yule mzee beti ya nne, ambayo alikuwa akinidai tangu siku ya hospitali. Aliisikiliza akiwa amefumba macho na vidole vyake vikigonga gonga goti, na nilipofika kwenye maneno "Dawa nazimeza jioni" alinisimamisha.

"Mizani tisa hiyo," alisema. "Punguza mmoja."

Nikamwambia kwamba daktari amenikataza kupunguza chochote katika dawa.