Injini Zetu Hazina Lakabu, na Hilo Linaniuma

Nairobi ni mji wa kubatiza. Matatu yenyewe ni lakabu: nauli ilikuwa mapeni matatu, yaani senti 30, na jina la nauli likawa jina la gari. Nganya mpya ikitoka kupakwa rangi, haimalizi wiki barabarani kabla watoto wa mtaa hawajalijua jina lake, dereva wake na muziki wake. Sasa nenda stesheni ya kati saa kumi na moja jioni, uwaulize wanaosubiri treni ya Ruiru kile kichwa kinachowavuta kila siku kinaitwaje. Watakutazama tu. Ni treni.

Mimi napenda reli, na jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu.

Uingereza wapenzi wa treni wana lakabu kwa karibu kila injini ya dizeli. Klasi ya 20 ni Chopper, kwa kuwa inanguruma kama helikopta. Klasi ya 50 ni Hoover, maana feni zake zilivuta hewa kwa kelele ya mashine ya kufyonza vumbi. Klasi ya 40 ni Whistler, mpiga mluzi. Wajerumani wa Mashariki walipoletewa injini za Kisovieti miaka ya 1960, zile za mwanzo zikiwa hazina kizuia sauti, waliziita Taigatrommel, ngoma ya Taiga. Na Uswisi, nchi isiyo na mamba hata mmoja, ina injini iitwayo Krokodil, kwa zile pua zake ndefu za mbele na nyuma zinazojipinda kwenye kona za milima ya Gotthard. Sisi wenye mamba mpaka mto Tana hatujamwona hata mmoja kwenye reli.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Marekani. Mwaka 1941, katika kiwanda cha Schenectady, fundi mmoja alichukua chaki akaandika Big Boy usoni mwa injini mpya ya kampuni ya reli ya Union Pacific. Fundi mwenyewe hajulikani ni nani. Injini zile zilitengenezwa 25, na dunia nzima inaziita hivyo mpaka leo.

Kwetu majina yaliteremshwa kutoka juu. Ingia Makumbusho ya Reli, yaliyoanzishwa mwaka 1971 kando ya stesheni, utembee kati ya zile injini za mvuke. Klasi ya 29 na ya 31 zilipewa majina ya makabila: kuna 2921, Masai of Kenya, na 3123, Bavuma. Klasi ya 60 ilipewa majina ya magavana wa kikoloni, na baadaye vibao vyao vikang'olewa. Klasi ya 59, yale majitu mekundu 34 yaliyoundwa Manchester na Beyer Peacock, kila moja likiwa na tani 250 na ushei, ilipewa milima. Iliyo maarufu zaidi pale ni 5918, Mount Gelai. Jumamosi moja niliweka kiganja juu ya kibao chake. Herufi zimeinuka, zina ubaridi, na rangi imekwanguka kidogo pembeni ya herufi M. Gelai ni mlima wa Tanzania, kule karibu na Ziwa Natron. Jina zuri, nalipenda. Lakini aliyelichagua alikuwa ofisini.

Nina neno pia kuhusu lile jina la Lunatic, reli ya wendawazimu. Watalii wanalipenda, na matangazo ya safari yamelipaka asali. Asili yake ni kejeli za wanasiasa wa London waliochukia gharama za kujenga reli kutoka Mombasa, iliyoanza mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Wafanyakazi wapatao 2,500 walioletwa kutoka India walikufa katika ujenzi ule. Mimi silitumii jina hilo. Nyoka wa chuma, aliyetabiriwa na Mugo wa Kibiro kwa Wakikuyu na Kimnyole kwa Wanandi, ndilo jina lililotoka kwa watu waliopitiwa na reli katikati ya mashamba na malisho yao. Lilibeba hofu, lakini lilikuwa letu.

Mswahili anasema jina la utani, na utani haufanywi na mgeni. Babu hutaniana na mjukuu, shemeji na shemeji. Mtu usiyemjua humtanii, utapigwa. Ndiyo maana naona kutoipa injini lakabu ni kukiri kwamba bado hatujazoeana nayo. Ile treni ya Mombasa iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017 ikaitwa Madaraka Express, siku moja kabla ya sikukuu yenyewe. Nani anaiita hivyo nyumbani? Tunasema "napanda SGR", yaani tumechukua kipimo cha upana wa reli tukakifanya jina. Vichwa vyake ni vya ukoo wa Dongfeng, maana yake upepo wa mashariki, kwa Kichina. Wenzetu Tanzania waliipata treni yao ya umeme yenye pua kali mwaka 2024, na mara ikawa Mchongoko. Neno moja, umeshaiona. Kabla ya hapo walikuwa na treni ya Mwakyembe jijini Dar es Salaam, kwa jina la waziri wa wakati ule. Nawaonea wivu, nakiri.

Na sidhani kwamba majina hayakuwahi kuwepo hapa. Marehemu mjomba wangu alikuwa fayamani, mchochea moto wa injini, miaka ya 1970, akikaa Muthurwa. Injini za siku zake zilichoma mafuta mazito, na shati lake halikuwahi kutoka harufu ile hata likifuliwa mara tatu. Alipozisimulia, hakusema "hii" wala "ile". Alisema "huyu mkaidi akipanda Limuru", "yule mpole", kama mtu anayewahesabu ng'ombe wake. Nilikuwa na miaka kumi na sikuwahi kumuuliza aliwaitaje. Kama una mzee nyumbani aliyefanya kazi ya dreva, gadi au fundi wa karakana, muulize leo, uandike, hata kwenye karatasi ya mkate.

Mimi na binti yangu tumeanza upande wetu. Kichwa kinachotupeleka Githurai jioni hutoa moshi mweusi mara mbili kabla ya kung'oka stesheni, khoo, khoo, halafu mabehewa yanashikana moja baada ya jingine mpaka letu linashtuka. Yeye akakiita Mzee Kikohozi. Tumekuwa tukilisema kwa sauti kila jioni tangu mwezi wa pili. Alhamisi iliyopita tulichelewa, tukawa tunakimbia pale kwenye ngazi, na mama anayeuza njugu karanga akatupungia mkono: "Kimbieni, Mzee bado hajakohoa!"